Usiku Niliofumaniwa na Joistiki

Kabla hujanicheka, elewa kwamba mimi ni mtu mzima, baba wa watoto wawili, mhasibu, na ndege yangu nairusha nikiwa nimevaa msuli. Kila Ijumaa usiku, watoto wakishalala, naondoa vyombo mezani hapa sebuleni Tabata, naweka kompyuta, nawasha FlightGear, ile programu ya bure ya kurusha ndege, na nakuwa rubani wa Cessna 172 mpaka usingizi uniangushe. Mke wangu anaiita gemu. Mimi nasema simyuleta. Tumeacha kubishana.

Safari yangu ni moja tu: Dar kwenda Unguja. Ni maili za baharini kama 40, kwa Cessna dakika 20 na kitu. Mke wangu, Mama Nuru, kwao ni Kikwajuni, hukohuko Unguja, kwa hiyo nilijipa moyo kwamba yale ni mazoezi kwa faida ya ukoo mzima. Tabu ni kwamba kwa miezi miwili sikuwahi kufika.

Joistiki yangu, ile fimbo ya kuongozea ndege, niliinunua ya mtumba Kariakoo, na ilikuwa na homa. Ukiiacha katikati bila kuigusa, ndege inapiga mabawa kama kuku aliyetoka kwenye mvua. Ukiisukuma kidogo, kimya. Ukiongeza tena kidogo, ndege inalala ubavu ghafla, na wewe unaiona bahari ya Hindi kupitia dirisha ambalo sekunde moja nyuma lilikuwa la kuangalia mawingu.

Nikiri pia kwamba niliisingizia mengine. Ilipokuwa ikivuta kushoto kila nikianza kuondoka uwanjani, niliilaani joistiki, kumbe Cessna ya kweli nayo inavuta kushoto ukiipa moto wote. Ni tabia ya pangaboi na injini, na rubani hukanyaga pedeli ya kulia kuinyoosha. Hilo nilikuja kulijua baadaye, matusi yakiwa yameshatoka.

Mhasibu haamini mpaka aone namba, kwa hiyo nilifungua kile kidirisha cha kompyuta cha kupimia joistiki. Yangu inasoma kuanzia 0 hadi 255. Ikisimama katikati inatakiwa ionyeshe 127 au 128 na itulie hapo. Ilionyesha 121, 139, 126, 144, huku mikono yangu yote miwili ikiwa kifuani. Ningepeleka hesabu za namna hiyo kazini, leo hii ningekuwa naandika haya nikiwa rumande.

Dawa ya kwanza niliyoijaribu ni kupanua lile eneo la katikati ambalo programu hulipuuza. Wanaojua huweka asilimia 2, labda 5. Mimi niliweka 30, maana dawa nikiipenda huwa nakunywa chupa nzima. Mtetemo uliisha kabisa. Na ndege nayo ikaisha. Ikawa kama zile daladala za zamani ambazo dereva anazungusha usukani robo nzima ndipo tairi zipate taarifa. Siku hiyo niliipaki baharini, jirani na kisiwa cha Mbudya.

Dawa ya pili ilikuwa kupindisha mwitikio, ili nusu ya mkono ilete robo tu ya mgeuko, na nguvu yote ije ukifika mwisho kabisa. Hiyo ilisaidia, siwezi kuidhulumu. Mkono mzito kama wangu unapata heshima karibu na katikati. Lakini homa ilibaki palepale, ila sasa ilikuwa inatetemeka kwa adabu.

Ndipo nikaenda kwa fundi simu wa mtaani kwetu. Hakuinua hata macho kwenye simu aliyokuwa ameipasua.

"Hiyo volyumu, kaka."

"Mimi sina shida ya sauti, ni joistiki ya..."

"Najua. Ndani yake kuna volyumu, kama ya redio. Miguu mitatu. Kuna kijia cha kaboni, halafu kuna kidole kinatambaa juu yake. Redio ya mzee wako ilikuwa inakwaruza ukiongeza sauti? Ndiyo huo ugonjwa. Vumbi."

Miezi miwili ya kusoma mipangilio, na jibu lilikuwa kwenye redio ya baba. Akanipa spiriti ya kusafishia. Chombo hakuwa nacho, akatafutatafuta kwenye droo, akaitia kwenye kichupa cha marashi kilichokwisha, cha zambarau, kina utepe wa dhahabu shingoni.

"Nimekisuuza," akasema.

Hakuwa amekisuuza.

Ijumaa ile nilisubiri nyumba yote ilale. Nikazima taa ya sebuleni nisiwaamshe watoto, nikabana kitochi kwa meno, nikaifungua joistiki. Skrubu saba. Ya saba ilipotoka, springi nayo ilitoka, ikagonga dari, ikaenda kuishi chini ya kabati. Volyumu nilizikuta mbili, zimejaa vumbi la nchi iliyotumia joistiki hii kabla yangu. Nikapulizia spiriti. Nikazungusha. Nikapulizia tena, kwa moyo mkunjufu, mpaka mikono, msuli na kochi vikalowa. Waya mbili za volyumu moja zilikuwa chakavu zikakatika, nikazichomelea upya kwa kumbukumbu. Kumbukumbu yangu ni nzuri sana kwenye tarakimu.

Sebule sasa ilikuwa inanukia kama mlango wa ukumbi wa harusi.

"Baba Nuru."

Alikuwa amesimama mlangoni, kanga mabegani, sijui tangu saa ngapi.

"Naam."

"Saa saba za usiku. Taa umezima. Unanukia marashi ya kike. Nauliza kwa wema tu: ulikuwa na nani?"

Nikajibu kwa nia safi kabisa, ila kitochi kilikuwa bado mdomoni na mate yalikuwa yamenijaa. Kilichotoka ni, "Joisi..."

"Joyce?"

Nikatema kitochi. "Siyo Joyce! Joistiki!"

"Joyce Tiki," akarudia polepole, kama karani anayejaza fomu. "Kabila gani hilo, Tiki?"

Hapa ningeweza kujiokoa. Lakini hofu ina ufundi wake wa kuharibu sarufi. Nilitaka kusema nilikuwa naifungua tu niisafishe. Nikasema, "Wallahi nilikuwa namfungua tu nimsafishe." Viambishi viwili vidogo. Nadhani ndoa nyingi zimevunjika kwa kosa dogo kuliko hilo.

Mama Nuru akawasha taa. Akakiona kichupa cha zambarau, akakiinua kwa vidole viwili, akakinusa, akakiweka chini mbali na yeye.

"Nionyeshe huyo Joyce."

Sijawahi kuunganisha kitu kwa kasi ile. Springi niliivua chini ya kabati kwa ufagio, skrubu zikarudi sita, ya saba nikaisamehe. Nikachomeka kwenye kompyuta, nikafungua kidirisha: 127, 127, 128, 127. Imetulia kama maji ya mtungi!

"Imepona!" nikapiga kelele. "Ona, 127!"

Mke wangu alinitazama kama mtu anayejiuliza kama hospitali zinapokea usiku huo. "Irushe," akasema, akakaa.

Nikaiweka Cessna uwanja wa Dar, njia ya kurukia ya 05. Moto wote. Mguu wa kulia. Kasi ikafika noti 55, kama kilomita 100 kwa saa, pale ambapo rubani huvuta fimbo taratibu na pua ikainuka. Nikavuta. Pua ikainama. Nikavuta zaidi, ikazidi kuinama, tairi la mbele likasukumwa mpaka karibu lizame lami, njia ikaisha, tukaingia mtaa wa jirani, Vingunguti, kwa miguu.

"Tena," akasema Mama Nuru.

Mara ya pili tulifika Vingunguti mapema zaidi.

"Mbona unavuta na yenyewe inashuka?"

Nikaelewa hapohapo. Zile waya mbili. Nyekundu niliichomelea ilipokuwa nyeusi, na nyeusi ilipokuwa nyekundu. Ukibadilishana miguu ya pembeni ya volyumu, hesabu yote inageuka: kuvuta kunakuwa kusukuma, juu kunakuwa chini. Nikaanza kumweleza, nikashika bisibisi.

"Hebu nipishe," akasema. "Wataka iende juu, si uisukume juu? Wewe waivuta ya nini?"

Akakaa kitini kwangu, akajifunga kanga vizuri. Kasi ilipofika 55 akasukuma mbele, kwa utulivu wa mtu anayesukuma mlango wa jikoni, na Cessna ikainuka Dar es Salaam kama inavyotakiwa. Kwa mara ya kwanza katika nyumba hii, pwani ilipita chini yetu badala ya kutujia usoni. Haikutetemeka hata kidogo. Mimi nilibaki na kazi ya kushika moto na kumwonyesha dira, nikiwa naona wivu ambao sikuutarajia.

Unguja ilipoonekana akapunguza mwendo wa kusema, akasogea kwenye kioo.

"Kikwajuni iko wapi?"

"Hapo kushoto."

"Hapo pana majani tu na masanduku. Nyumba ya mama iko wapi?"

"Programu haina kila nyumba, mke wangu."

"Yaani tumekuja usiku wote huu na mama hayupo?"

Tulitua njia ya 36. Tuligusa ardhi mara nne, lakini zote zilikuwa ndani ya uwanja, na mimi kwa rekodi yangu sina mdomo wa kumsema mtu.

Kesho yake nilitoa bisibisi nizirudishe waya mahali pake. Akanikataza. Mkono wake umeshazoea, anasema, na yeye ndiye aliyefika Unguja. Kwa hiyo waya zimebaki vile, na mimi, miezi miwili ya mazoezi ikiwa imekwenda na maji, najifunza kusukuma ili nipae. Bado naenda Vingunguti.

Joistiki imebaki na jina la Joyce. Watoto nao wanaiita hivyohivyo. Nilidhani ni utani wa ndani ya nyumba, mpaka Ijumaa iliyopita nilipomsikia Mama Nuru akiongea na dada yake wa Unguja, simu kaiweka spika huku anakuna nazi.

"Shemeji yako? Yupo sebuleni na Joyce."

Upande wa pili kimya.

"Ah, mie nishamzoea," akaendelea, anakuna. "Tumegawana. Ijumaa wake, Jumamosi wangu."

Jumapili asubuhi baba mkwe alinipigia mwenyewe. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza habari za kazi, za watoto, za mvua na za bei ya mchele, moja baada ya nyingine, taratibu sana, na baada ya hapo akaniomba nitoke nje nikae mahali ambapo nitakuwa peke yangu.