Ukisusa, Wenzako Wanakula: Straika Aliyetoka Mgomoni Umnunue au Umwache?

Septemba 1, 2025, siku ya mwisho ya usajili, Alexander Isak alihama Newcastle kwenda Liverpool kwa pauni milioni 125, rekodi ya Uingereza. Kabla ya hapo alikuwa amesusa. Ziara ya Asia hakwenda na wenzake, akajifua peke yake kwenye viwanja vya Real Sociedad, klabu yake ya zamani, na mechi tatu za mwanzo za ligi hakucheza hata dakika moja. Usiku ule kundi letu la WhatsApp la wacheza Fantasy Premier League (FPL), mchezo wa mtandaoni ambao unanunua wachezaji halisi kwa bajeti ya kubuni na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani, halikulala. Nusu walisema anunuliwe haraka kabla bei haijapanda. Nusu walisema aachwe kwanza aive.

Waliotaka anunuliwe hawakuwa wajinga. Msimu uliotangulia Isak alifunga mabao 23 ya ligi, na sasa alikuwa anaingia kwenye timu ya bingwa mtetezi. Kwenye mchezo huo alianza msimu akiuzwa milioni 10.5, wakati Haaland alikuwa 14.0. Halafu kuna hesabu ambayo wacheza FPL wazoefu wanaipenda kuliko mabao yenyewe: wengi walikuwa wamemkimbia Agosti. Ukiwa naye peke yako kwenye ligi yenu ndogo, hat-trick moja inakupandisha juu ya watu kumi kwa Jumamosi moja.

Wa upande wa pili walikuwa na jambo moja tu mkononi, dakika. Kwenye FPL mchezaji anayecheza chini ya dakika 60 anapata pointi moja, akifika 60 anapata mbili, na bao la straika ni pointi nne. Mtu aliyekosa maandalizi ya msimu haanzi mechi siku ya kwanza. Anaingizwa dakika ya 70, au anaanza kisha anatolewa mapema kabla mapaja hayajamsaliti. Kumlipia 10.5 mtu wa kukuletea pointi moja ni sawa na kupanda teksi kwenda nyumba ya jirani.

Yaliyotokea tunayajua. Oktoba Isak aliumia nyonga. Bao lake la kwanza la ligi akiwa na jezi ya Liverpool alilifunga Novemba 30 dhidi ya West Ham. Desemba 20 alitokea benchi akawafunga Tottenham, na katika tukio lile lile la bao akavunjika mguu.

Hapa walioshinda ubishi, wale wa kusubiri, wanaharakisha kidogo. Mguu ule ulivunjwa na beki aliyeteleza kuzuia shuti, haukuvunjwa na mgomo. Yoane Wissa naye, mwana wa DR Congo aliyegoma Brentford hadi akauzwa Newcastle kwa pauni milioni 55 siku ile ile, aliumia goti akiwa na timu ya taifa Septemba hiyo hiyo na hakuanza kuichezea klabu yake mpya hadi Desemba. Bahati mbaya haiwi ushahidi. La nyonga ndilo linaloweza kujadiliwa, kwa kuwa misuli iliyokosa kazi ya pamoja ya Julai na Agosti hudai deni lake vuli ikifika.

Upande wa kununua ulikuwa na silaha nzito ambayo haukuitumia usiku ule: Luis Suárez. Mwaka 2013 alitaka kuondoka Liverpool, Arsenal wakaweka mezani pauni milioni 40 na pauni moja juu yake, klabu ikakataa, na kwa muda akaamriwa ajifue peke yake. Juu ya hayo alikuwa bado na adhabu ya kumng'ata Branislav Ivanović, iliyomkosesha mechi tano za mwanzo wa ligi. Aliporudi Septemba aliwafunga Sunderland mawili, Desemba akawapiga Norwich manne, na akamaliza na mabao 31 katika mechi 33 bila penalti hata moja. Pointi 295 za FPL. Aliyesubiri "aone kwanza" aliumia.

Lakini tazama Julai ile. Suárez alikuwa na timu Australia, akacheza Melbourne. Adhabu ilimzuia kucheza mechi za ushindani, mazoezi hayakuguswa. Alirudi kwenye timu ile ile, kocha yule yule, pembeni yake straika mwenzake Sturridge aliyemzoea. Kwa maneno mengine, Suárez aligoma kwa mdomo zaidi kuliko kwa miguu. Isak aligoma kwa miguu, kisha akaingia kwenye timu ambayo straika mwingine mpya, Hugo Ekitike, alikuwa ameshaanza kuifungia.

Anayevuruga hesabu hii ni Harry Kane. Mwaka 2021 alichelewa kuripoti Tottenham akiitaka Manchester City, na alikuwa ametoka kuongoza ligi kwa mabao, 23, na kwa pasi za mabao, 14. Mwili hakuwa na shida nao. Ila chini ya kocha Nuno alipata bao moja tu la ligi, kwa sababu Tottenham ile haikuwa ikitengeneza nafasi. Kocha Conte akaja, Kane akamaliza na 17. Kwa hiyo kupima utimamu peke yake hakutoshi, na mimi mwenyewe nilikuwa naamini kunatosha.

Wamarekani wanaocheza fantasy ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani ambako mkimbiaji hupata pointi kwa yadi anazokimbia na mpira, wana shida kubwa kuliko yetu. Kule wanachagua kwa zamu, na mchezaji akishachukuliwa na mmoja, ligi nzima mmemkosa. Hakuna kusubiri. Waliomchagua mkimbiaji Le'Veon Bell mapema mwaka 2018 hawakupata hata pointi, maana aligoma msimu mzima. Mwaka uliofuata waliomshikilia Ezekiel Elliott, naye mgomaji, walicheka: alisaini mkataba siku chache kabla ya mechi ya kwanza na akakimbia yadi 1,357. Sisi FPL tunapewa badiliko moja la bure kila raundi na tunaweza kuyalimbikiza hadi matano, kwa hiyo kusubiri raundi mbili hakutugharimu kama wao. Hiyo ndiyo sababu nasimama na wanaosubiri, pamoja na Suárez.

Na bado naona pande zote mbili zilikuwa zinatazama sahani isiyo yake. Bell aliposusa, kazi yake ilichukuliwa na James Conner, kijana wa mwaka wa pili, aliyekimbia yadi 973 na kufunga mara 12 kwa kukimbia. Brentford walipompoteza Wissa, na kabla yake Bryan Mbeumo mpiga penalti aliyekwenda Manchester United, mpira na penalti vyote vilihamia kwa Igor Thiago, ambaye msimu uliotangulia karibu wote aliumaliza akiuguza goti. Kufikia mwisho wa Novemba alikuwa na mabao 11 ya ligi, kwa bei ya chini kabisa ukimlinganisha na Isak.

Wakati huo aliyekuwa anaongoza kundi letu ni jamaa ambaye usiku ule wa Septemba hakuandika neno. Nilikwenda kuangalia kikosi chake. Thiago alikuwepo tangu Agosti.