Kibaba Kikijaa, Analeta Pishi

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, kisha wakanyamaza. Hakuna aliyewauliza: kikishajaa je? Nani mwenye mamlaka ya kutangaza kwamba kimejaa? Mimi kwa miaka 18 sasa nadondosha humo haba zangu za akiba ya kustaafu mapema, na kila nikichungulia nikiona zimekaribia ukingo, mke wangu anaingia na pishi. Pishi, kama umesahau vipimo vya bibi zetu, ni vibaba vinne. Anamimina haba zangu zote humo, zinafunika kitako tu, halafu ananigeukia: "Umeona, baba watoto? Bado."

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia katikati nitaonekana namsema mama watoto, na yeye ana tabia ya kusoma ninachoandika.

Nina miaka 46. Simu yangu huniamsha saa 11 alfajiri kwa sauti ya jogoo ambaye hajawahi kuwa na manyoya. Naenda kazini, nakaa kwenye kikao cha kupanga kikao, narudi. Siku moja katika mwaka wa pili wa ndoa nilirudi nikiwa nimechoka kiasi cha kuvaa kiatu kimoja ndani ya nyumba kwa saa nzima bila kujua, ndipo nikasema: mke wangu, hivi ni lazima tufanye haya mpaka tupinde mgongo? Tuweke akiba kwa nguvu, tustaafu mapema. Akaniangalia, akasema, "Sawa. Mapema ni lini?"

Hilo swali, ndugu yangu, halijajibiwa mpaka leo.

Kwanza nilidhani jibu lipo tayari. Mwaka 1994 mshauri mmoja wa fedha wa Marekani, William Bengen, aliketi na rekodi za kwao za hisa na hatifungani (zile karatasi za kuikopesha serikali) kuanzia 1926, akawa anawastaafisha watu kwenye karatasi, mwaka baada ya mwaka, aone nani ataishiwa. Akakuta kwamba mtu akichota asilimia 4 ya akiba yake iliyowekwa humo mwaka wa kwanza, kisha miaka inayofuata akaongeza kadiri bei zinavyopanda, pesa zinamvusha miaka 30 hata kama alistaafu wakati mbaya. Ukiipindua hiyo asilimia 4, yaani 100 ugawanye kwa 4, unapata mara 25. Yaani chukua matumizi yenu ya mwaka mzima, zidisha kwa 25, hicho ndicho kibaba. Nilivyofurahi! Nikaona nimeshamaliza, imebaki kuaga tu.

Matumizi ya mwaka mzima. Yaseme hivyo haraka haraka yanaonekana mepesi. Mama watoto akanunua daftari la kurasa 200, akapiga mistari kwa rula, akafunga kalamu kwa uzi kwenye waya wa daftari ili nisiibebe kwenda nayo kazini. Umeme, mstari wake. Maji, mstari wake. Nauli, ada, dawa. Mwisho kabisa, chini, akaweka mstari mwembamba: Mengineyo. Baada ya miezi mitatu tukajumlisha. Mengineyo alikuwa amewapita wote! Huyu bwana hatukumwalika, hana chumba, hana kiti, lakini ndiye aliyekuwa anakula mshahara kuliko mtu yeyote mwenye jina. Tukaanza kumchunguza. Vocha, mchango wa mfanyakazi mwenzangu anayeoa kwa mara ya tatu, betri za rimoti, kunyoa, faini ya kuchelewesha bili ambayo nilikuwa na pesa yake mfukoni. Kila kitu kilikuwa kidogo, na karibu kila kitu kilikuwa changu.

Hapo ndipo mke wangu alipojifunza kuzidisha. Maana ukweli ni kwamba kila tumizi linalojirudia kila mwaka linadai akiba mara 25 ili liendelee kulipwa baada ya mshahara kukatika. Na kinyume chake: ukipunguza tumizi, unapata faida mbili kwa mkupuo, akiba inaongezeka na kibaba chenyewe kinapungua. Ndiyo maana anayeweza kuweka nusu ya kipato chake, pesa zikizaa asilimia 5 juu ya mfumuko wa bei, anajaza kibaba baada ya miaka 17 hivi, wakati anayeweka sehemu moja ya kumi atahangaika miaka 51. Nusu sisi hatukuwahi. Thuluthi tuliifikia, tena kwa meno.

Lakini mwambie mwanamke hesabu ya mara 25, uone utakavyoishi. Viatu vyangu vya kazini vilifungua mdomo kwa mbele, nikitembea vinaonekana vinasalimia watu. Nikasema nataka vipya. Nikataja bei. Akasema, "Hiyo siyo bei yake. Zidisha." Nikamwambia, mama, viatu si umeme, havinunuliwi kila mwaka. Akaniangalia miguu. "Unavyotembea wewe? Kila mwaka." Nikaenda kwa fundi vikashonwa. Sasa vimefunga mdomo lakini vinanuna.

Sasa tuje kwenye kalkuleta, maana ndiyo chanzo cha mengi.

Kalkuleta yetu ni ya zamani, imefungwa mpira nyuma kwa sababu mfuniko wa betri ulishapotea. Na kitufe cha 7 kimekufa. Ukikibonyeza kinaingia ndani na hakitoki mpaka ukichokonoe kwa pini. Mke wangu akaamua kwamba penye 7 tutabonyeza 8, basi. Kwa hiyo 700 kwenye nyumba yetu ni 800. Nikamwambia simu ina kalkuleta nzima kabisa, vitufe vyote vizima. Akasema mambo ya ndani hayahesabiwi kwenye simu, simu zinasikiliza. Nikasema basi tununue nyingine. Akasema, "Acha hivyo hivyo. Kuzidi kidogo ni tahadhari."

Tahadhari! Kwa tahadhari hiyo tuliongeza karibu mwaka mmoja na nusu wa jogoo asiye na manyoya.

Hata hivyo tulisogea. Miaka michache iliyopita nikaona kibaba kinakaribia. Usiku mmoja nikamwonyesha, nikiwa natabasamu kama mtu aliyeshinda kesi. Akachukua kalamu yenye uzi, akaandika 46, umri ambao ningekuwa nao kibaba kikijaa, akajumlisha 30, akapata 76. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Huyo mzungu wako alisema miaka 30. Sasa asubuhi ya kutimiza 76, unakufa au unaomba kazi?"

Nikakosa la kusema. Kwa sababu ana haki, ndilo linaloniudhi. Bengen alipima miaka 30 kwa sababu alikuwa anawafikiria watu wanaostaafu uzeeni. Anayeacha kazi katikati ya miaka ya arobaini huenda akahitaji 40 au 50. Basi wengi wanashuka hadi asilimia 3, na asilimia 3 ukiipindua unapata mara 33. Akaandika 33 kubwa katikati ya ukurasa, akaizungushia duara mara mbili. Pishi hilo limeingia.

Na hakuishia hapo. Akaniuliza tutaishi mpaka lini. Swali gani hilo la kumuuliza mtu usiku? Nikamwambia Mungu ndiye ajuaye, akasema Mungu anajua lakini daftari halijui. Kisha akanipa kisa cha yule bibi wa Ufaransa, Jeanne Calment wa mji wa Arles. Mwaka 1965 bibi ana miaka 90, mwanasheria wa miaka 47 akaingia naye mkataba: nitakulipa kila mwezi mpaka siku utakayokufa, ukifa nyumba yako yangu. Mwanasheria akaona ameotea. Bibi wa miaka 90, atachukua muda gani? Akalipa miaka 10. Akalipa 20. Akalipa 30. Mwaka 1995 mwanasheria akafa yeye, nyumba hajalala hata usiku mmoja, na mjane wake akaendelea kulipa. Bibi aliondoka 1997 akiwa na miaka 122.

"Sasa," akasema mama watoto, amenyoosha mgongo, "mimi ni wa ukoo wa namna hiyo."

Siwezi kubisha. Bibi yake ana miaka 94 na kila akituona anatuuliza mbona tumezeeka. Kwa hiyo katika daftari mke wangu amejiandalia mpaka miaka 100. Nikatafuta mstari wangu kwa kidole. Nikaukuta umeishia 89. Nikafarijika, nikasema angalau ananitakia mema. Nikamuuliza kwa nini 89 hasa, umeota? Akajibu bila kuinua macho: "Nilikupa 79. Kitufe."

Yaani miaka kumi ya uhai wangu ni zawadi ya kalkuleta mbovu.

Nikitaka kupumua akaleta la mwaka 1968. Katika wale wastaafu wote wa kwenye karatasi za Bengen, aliyekiona cha moto zaidi ni yule aliyeacha kazi mwishoni mwa 1968, kwa sababu hisa zilimwangukia mapema na miaka ya 1970 bei zikapaa. Na ubaya wa hasara ni kwamba ikikupata mwanzoni, wakati ndiyo kwanza umeanza kuchota, unauza vitu vilivyoshuka bei ili uishi, na vikija kupanda tena wewe huna cha kupandia. Ikikupata mwishoni, haidhuru sana. Haya nilimsomea mimi mwenyewe, mdomo wangu mwenyewe, nikijifanya msomi. Tangu siku hiyo nikitamka neno kustaafu ananiuliza, "Na kama sisi ndio wa 1968?" Nikikohoa, 1968. Mvua ikinyesha vibaya, 1968. Nimeanza kumchukia mtu ambaye sijui hata jina lake, alistaafu kabla sijazaliwa.

Basi nikatoa wazo. Nilikuwa na likizo ya wiki mbili. Nikasema tufanye jaribio: tuishi kama wastaafu, tuandike kila kitu, tuone kweli tunatumia kiasi gani. Akakubali haraka mno, ilibidi nishtuke hapo.

Siku ya kwanza nililala mpaka saa 3. Raha ilioje. Siku ya pili nikaamka saa 11 alfajiri bila jogoo, nikakaa kitandani nikitazama dari, nikagundua dari lina doa. Siku ya tatu nikapanda ngazi kulitazama doa kwa karibu. Siku ya nne bomba la jikoni likawa linadondosha maji, tone, kimya, tone, kimya. Kwa miaka sita limekuwa likidondosha hivyo hivyo na hakuna aliyekufa. Lakini mimi sasa nilikuwa mstaafu, nina muda. Nikachukua spana. Nikakaza. Likadondosha zaidi. Nikakaza tena kwa hasira kidogo, ndipo nikasikia kitu kikisema "ka!" na nikabaki na koki mkononi, maji yananipiga kifuani, nami namwita mke wangu aje aone mahali pa kufungia ambapo nimeishi napo miaka yote sipajui.

Fundi bomba alikuja, akatazama, akaniuliza nani alishika hapa. Nikasema sijui.

Mwisho wa wiki mbili tukajumlisha. Matumizi yalikuwa yamepanda! Kumbe mtu aliye kazini hatumii pesa, anatumiwa yeye. Mtu aliye nyumbani anapita dukani kutazama tu, ananunua drili. Mama watoto akachukua rula, akapiga mstari mpya chini ya Mengineyo, akaandika kwa herufi nzuri za shule: Gharama ya mume kuwa nyumbani. Kisha akazidisha kwa 33.

Nikaona hapa naonewa. Juzi nikachukua hatua: nikapita nikanunua kalkuleta mpya, kubwa, ya mwanga wa jua, kitufe cha 7 kinalia vizuri kama kucha. Sikumwambia bei, nisije nikazidishiwa. Usiku tukakaa mezani. Nikasema leo tunahesabu kwa haki. Kila 8 iliyokuwa 7 tukairudisha kuwa 7. Umeme ukashuka. Nauli ikashuka. Mengineyo akashuka, shingo upande. Mimi nikarudi kufa nikiwa na 79, nikakubali, kazi ina gharama zake. Tukajumlisha, tukazidisha kwa 33, tukatoa gharama ya drili kwa kuwa hainunuliwi mara mbili. Mke wangu akasoma akiba kwenye karatasi ya benki. Akabonyeza alama ya kutoa.

Tulikuwa tumeshavuka. Tena zamani, miezi minne nyuma.

Hakuna aliyesema kitu. Bomba jipya halidondoshi, kwa hiyo hata tone la kutusaidia halikuwepo. Nilimtazama, akanitazama, nikamwona anawaza miaka 33 ya mimi na spana. Nami, nisiwafiche, nilikuwa nawaza doa la dari, na kile kikao cha Jumatatu cha kupanga kikao, kwamba nisipokwenda watakaa vibaya.

Akaichukua kalkuleta mpya taratibu, akairudisha kwenye boksi lake, boksi akaliweka kwenye droo, droo akaifunga. Akatoa ile ya zamani yenye mpira, akaiweka mezani kati yetu, akaanza upya kutoka juu.

"Umeme," akasema.

"800," nikamjibu.