Mwaka 1415 uanzie Malindi

Mtaje mwaka 1415 mbele ya mtu aliyesoma historia ya Ulaya, naye atakutajia vita vya Agincourt, huko Ufaransa. Tarehe 25 Oktoba, Henry wa Tano wa Uingereza, jeshi lake limechoka na linaugua kuhara, aliwashinda Wafaransa waliowazidi watu wake kwa idadi. Tope lilimsaidia, na wapiga upinde wake wakamaliza kazi. Vita kubwa, sikatai. Lakini kufikia 1453 Waingereza walikuwa wamepokonywa karibu ardhi yote waliyoipigania Ufaransa, wakabakiwa na mji wa bandari wa Calais.

Kwetu sisi wa Bahari ya Hindi, mwaka huo una habari nzito zaidi. Wajumbe wa Malindi walifika China wakiwa na twiga, zawadi kwa mfalme Yongle wa ukoo wa Ming. Mwaka mmoja kabla, twiga mwingine alikuwa ameletwa kutoka Bengal, na Wachina wakamwona kuwa ndiye qilin, mnyama wa heri wa hadithi zao, ambaye hujitokeza nchi inapotawaliwa kwa haki. Huyu wa Malindi, Yongle alitoka mwenyewe hadi langoni kumpokea.

Watu hulisimulia tukio hili kama kichekesho cha mnyama mwenye shingo ndefu. Mimi naona kazi ya watu waliojua wanachokifanya. Twiga lazima akamatwe akiwa mdogo, azoeshwe watu, atengenezewe mahali chomboni, abebewe majani na maji matamu ya wiki nyingi, na msafara usubiri kusi ianze kuvuma. Gharama hiyo haibebwi kwa mchezo. Tena tukumbuke mpangilio wa matukio: msafara wa nne wa Zheng He, amiri wa misafara ya baharini ya Yongle, uliorejea China 1415, unajulikana kwa kufika Hormuz, bandari ya Ghuba ya Uajemi. Kwa kumbukumbu zilizopo, merikebu zake zilikuja pwani yetu katika msafara wa tano, wa 1417 hadi 1419, zikiwarudisha wajumbe makwao. Maana yake Malindi ilikwenda China kwanza. Ndiyo maana huniuma kusoma kwamba Wachina “waliifikia” Afrika, kana kwamba watu wa pwani walikuwa wamekaa ufukweni wakingoja wageni. Mwaka 2010 wachimbuaji wa mambo ya kale walipata sarafu ya enzi ya Yongle huko Mambrui, kaskazini kidogo ya Malindi. Mahusiano yale yamo mpaka kwenye udongo wetu.

Sitaki hata hivyo tuwapake Wachina asali. Siku hizi wanasiasa wanapenda kumtaja Zheng He kama msafiri wa amani tupu. Msafara uleule wa nne ulipigana Sumatra, ukamkamata Sekandar, aliyekuwa akigombea utawala wa Semudera, ufalme wa kisiwani humo, na akapelekwa China kuuawa. Misafara ile ilijaa askari, na Malindi bila shaka ilijua inatafuta urafiki na nani.

Sasa geukia upande wa pili wa Afrika. Tarehe 21 Agosti mwaka huohuo, João wa Kwanza wa Ureno alivuka mlango wa bahari wa Gibraltar na karibu merikebu 200, akauteka mji wa Ceuta, wakati huo wa Moroko, kwa siku moja. Ceuta ndiko inakosemekana alizaliwa Al-Idrisi, mwanajiografia ambaye karne ya 12 aliiandika Malindi na chuma chake. Mwana wa mfalme, Henrique, kijana wa miaka 21, alipigana pale. Baadaye akawa anagharamia vyombo vilivyoteremka pwani ya Afrika Magharibi kutafuta dhahabu na watu wa kuuza. Kuchomwa moto kwa mhubiri Jan Hus huko Konstanz Julai 1415 kuliitikisa Bohemia, nchi yake, katika Ucheki ya leo, lakini pwani yetu iliguswa na Ceuta.

Miaka 83 baadaye, Aprili 1498, Vasco da Gama aliondoka Mombasa baada ya uhasama, akatia nanga Malindi. Mtawala wake alimpokea vizuri na kumpa rubani wa kumfikisha Calicut, India. Wapo wanaomwita msaliti. Nawapinga. Naona alifanya siasa ileile ya 1415: mji mdogo wenye jirani mkali kama Mombasa hutafuta rafiki mkubwa ng'ambo ya bahari. China ilikuwa imekomesha misafara yake 1433, kwa hiyo mkubwa aliyebisha hodi safari hii alikuwa Mreno.

Kwa muda urafiki ule ulilipa. Mwaka 1505 Wareno waliteka Kilwa na kuichoma Mombasa, Malindi ikasalimika. Kisha, walipoanza kujenga Fort Jesus 1593, walihamishia nguvu zao Mombasa, wakamweka huko mtawala wa Malindi awe sultani, na mji uliopeleka twiga China ukaanza kufifia.