Kupangwa au kufukuzwa: mvutano wa machinga na wenye maduka Kariakoo

Hapa Dar es Salaam tendo moja lina majina mawili. Mamlaka zinapoondoa meza na mabanda yaliyo kando ya barabara, husema zinawapanga wafanyabiashara wadogo, yaani machinga. Aliyeondolewa husema amefukuzwa. Kila upande unaamini neno lake, na ndiyo maana jambo hili hugawa hata familia: mjomba mwenye fremu Mtaa wa Aggrey na mpwa wake anayetandika turubai Mtaa wa Kongo wanaweza kula sinia moja jioni bila kukubaliana ni nani anayemzibia mwenzake riziki.

Mvutano huu si wa jana. Mwaka 2006, Edward Lowassa akiwa Waziri Mkuu, machinga waliondolewa katika miji mingi nchini, na baadaye jijini likajengwa Machinga Complex pale Ilala, kwa mkopo wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), ili wapate pa kufanyia biashara. Rais Magufuli akageuza upepo kwa kuagiza wasibughudhiwe, na Desemba 2018 vikatolewa vitambulisho vya shilingi 20,000 kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Septemba 2021 Rais Samia akaagiza wapangwe upya, na kufikia mwisho wa mwaka huo barabara nyingi za jiji zilikuwa zimesafishwa.

Mwenye duka ana hoja nzito, na si haki kuipuuza kwa sababu tu ana mtaji mkubwa kuliko mwenzake. Analipa pango, anakata leseni, ana mashine ya EFD ya kutolea risiti, na kama amesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani anaitoza nayo. Kisha hatua mbili nje ya mlango wake mtu anauza bidhaa ileile bila risiti. Pamoja naye yupo mpita njia. Mwaka ule kabla ya kupangwa, nilimwona katika Mtaa wa Msimbazi kijana mwenye kiti cha magurudumu akishuka katikati ya barabara, kati ya bajaji na mikokoteni, kwa kuwa njia ya miguu ilikuwa imejaa viatu vya mitumba kutoka ukutani hadi kwenye mtaro. Aliponyoosha mkono kuomba apishwe, hapakuwa na pa kupisha. Na Soko la Karume lilipoungua Januari 2022, mali za wafanyabiashara wadogo wenyewe ndizo zilizoteketea, kwa hiyo anayedai njia ziachwe wazi kwa ajili ya zimamoto hasemi jambo la kutungwa.

Hata hivyo hoja ya machinga ni ya kweli vilevile, na msingi wake ni mwendo wa watu. Mnunuzi wa soksi za shilingi 1,000 hashuki kwenye daladala akazitafute ghorofani. Anazinunua kwa sababu amezikuta njiani. Machinga Complex ilikaa miaka mingi ikiwa na vizimba vitupu, na waliosema vijana ni wakaidi hawakujiuliza mteja angefikaje kule juu. Mwenye mtaji wa shilingi 50,000 hawezi kukaa mwezi mzima akisubiri eneo jipya lizoeleke, kwa sababu mtaji huohuo ndio chakula cha nyumbani.

Jambo ambalo pande zote mbili hulipita harakaharaka ni mali kauli. Sehemu kubwa ya bidhaa zinazouzwa juu ya turubai hazikununuliwa na yule anayeziuza. Asubuhi anaingia katika duka lililo nyuma yake, anahesabiwa dazeni kadhaa za fulana, pengine jina lake linaandikwa kwenye daftari, anatoka. Jioni anarudisha hesabu pamoja na mzigo uliobaki, na kilichozidi juu ya bei ya duka ndicho chake. Kwa mwenye duka, huyo ni muuzaji asiyelipwa mshahara. Kwa hiyo mfanyabiashara anayelalamika kwamba machinga wamemuulia soko, huku akiwapa mzigo kila asubuhi, analalamikia mkono wake mwenyewe, na risiti isiyotolewa barabarani mara nyingi ilianza kutotolewa ndani. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka kwa mgomo, kilio chao kikubwa kilikuwa kamatakamata ya kikodi na usajili wa stoo. Hata hivyo kufungwa kwa milango kulimwacha mtu wa mali kauli naye bila mzigo.

Kwa maoni yangu, mwenye duka ana haki kuhusu njia ya miguu, ila anakosea anapomwona machinga kuwa adui wa biashara yake. Machinga naye ana haki ya kuuza panapopita watu, lakini anajidanganya akidhani tamko la kiongozi ni hati. Lililotolewa kwa tamko limeondolewa kwa tamko, na katikati yake watu walikuwa wamekopa, wamejenga vibanda na kusomesha watoto. Ningependa haki hiyo iandikwe katika sheria ndogo za halmashauri: mitaa gani, saa ngapi, upana gani wa njia uachwe kwa watembea kwa miguu, ushuru kiasi gani. Nakiri kwamba hatari ipo, kwa maana palipo na orodha ya maeneo huwapo pia mtu wa kuyauza kwa mlango wa nyuma, na mama asiyejuana na kiongozi yeyote wa umoja wa machinga huishia kupewa kizimba cha pembeni kabisa. Orodha ibandikwe hadharani, jina kwa jina, mtaa kwa mtaa. Na wahesabiwe pia wenye maduka wanaotoza pesa ili meza iwekwe mbele ya mlango wao, kwa kuwa eneo wanalolikodisha si lao, ni hifadhi ya barabara.