Gaidi wa kwenye rimoti: ratiba ya tv ikidanganya tumlaumu nani?

Nyumbani kile kitufe cha rimoti kilichoandikwa GUIDE, kinachofungua ratiba ya vipindi, tunakiita gaidi, ndivyo kinavyotamkika, na kuna kipindi jina lilimkaa vizuri kweli. Tulinunua dikoda ya kununua mara moja, zile zisizo na malipo ya mwezi, tukafunga antena juu ya bati, chaneli zikajaa, basi mama akawa anabonyeza gaidi kila saa maana kwake ile ni kama gazeti. Gaidi akamwambia taarifa ya habari ni 17:00. Mama akawasha tv saa kumi na moja jioni, katuni. Kesho yake tena katuni. Siku ya tatu akanipigia simu nikiwa kazini kabisa: "Hivi hawa watu wamehamisha taarifa ya habari halafu hawasemi?"

Hakuna aliyehamisha kitu. Dikoda ilikuwa imekaa kwenye GMT, ule muda wa dunia, vilevile ilivyotoka kiwandani. Mitambo hurusha muda huo, dikoda ndo inatakiwa iongeze masaa yetu matatu, na hii haikuongeza. Kibaya zaidi, saa ya kwenye kona ya skrini na ratiba zilikuwa zinakubaliana vizuri tu, zote ziko nyuma masaa matatu, kama wezi wawili waliopanga maelezo njiani kabla hawajafika kituoni. Nikaingia kwenye seting nikaweka +3, yakaisha. Mwezi mzima kituo kilitukanwa sebuleni kwetu bure.

Nimeanza na hiyo kwasababu ubishi wa ratiba za kwenye skrini huwa unaanza na hukumu, vituo ni wazembe, mwisho. Na mara nyingi ni wazembe kweli, sitawatetea sana. Ila ukitaka kujua nani kakosea inabidi ufuate waya hadi mwisho.

Tuanze na mtazamaji, maana yeye ndo mwenye kilio. Analipia kifurushi kila mwezi, na gaidi ni sehemu ya alichouziwa, ipo mpaka kwenye boksi la dikoda imechorwa picha yake. Akifungua anakuta chaneli nzima imeandikwa jina la kituo tu kuanzia usiku wa manane hadi usiku wa manane mwingine, masaa 24, kipindi kimoja. Au anakuta ratiba ya wiki iliyopita imerudiwa neno kwa neno, hadi mgeni wa mahojiano ni yuleyule. Mwenye dikoda ya kurekodi ndo anaumia zaidi, ameseti irekodi tamthilia ya Kituruki saa tatu mpaka saa nne, tamthilia ikaanza saa tatu na dakika kumi na nne baada ya matangazo ya sabuni, maana yake amepata dakika kumi na nne za sabuni na amekosa pale mwanamke anapofungua ile barua. Huyo usimwambie habari za changamoto za kiufundi, hakuelewi, na ana haki.

Sasa upande wa pili. Watu wengi wanadhani anayetengeneza kipindi ndo anayeandika lile gaidi, na kwetu mara nyingi sio hivyo. Tulipohamia dijitali, Dar analojia ikazimwa Desemba 31, 2012, Tanzania iliamua kutenganisha anayetengeneza maudhui na anayebeba masafa, leseni za kubeba zikaenda kwa Star Media, Agape na Basic Transmission. Kituo kinatengeneza vipindi, mwingine anavipakia kwenye mtambo pamoja na chaneli za wengine kibao, na zile taarifa za ratiba zinaingizwa hukohuko kwenye mtambo. Kenya walivutana kwa hilohilo la nani abebe masafa ya nani mpaka mwaka 2015 vituo vyao vikubwa vikawa giza karibu wiki tatu. Kwa hiyo kwa kawaida ratiba inasafiri, inatoka kituoni mapema kwenye faili la Excel, inaenda kwa mbebaji, inapakiwa. Alhamisi mhariri akibadilisha kipindi cha Ijumaa, kituoni wote wanajua mpaka mlinzi, lakini lile faili lilishaondoka siku nyingi. Hapo gaidi hajadanganya, amebaki na habari ya zamani kama ndugu aliyehama mtaa na hakuna anayempigia simu.

Halafu kuna yale ambayo hata ukiwa na faili la dakika hiyohiyo huwezi. Mei 8, 2021, dabi ya Simba na Yanga. Mechi ilikuwa saa kumi na moja jioni, siku hiyohiyo ikasogezwa saa moja usiku, Yanga wakasema sisi tumekuja kwa muda wa mwanzo, wakatimiza wakaondoka, mechi ikafa. We niambie, ratiba ya wiki ingeandika nini hapo? Hata waliokuwa wamekaa uwanjani na tiketi mkononi hawakuwa wanajua kinachofuata. Machi 8, 2025 tena, dabi ikaahirishwa siku ya mechi. Au usiku ule wa Machi 17, 2021, mama Samia akiwa Makamu wa Rais anatokea TBC kutangaza kifo cha Rais Magufuli. Kuna mtu alikuwa na hasira kwamba kipindi chake hakikuanza kwa wakati? Kama alikuwepo alinyamaza.

Kwa hiyo wanaotetea vituo wanasema tv sio treni, na hapo nawaelewa kabisa. Tena treni yenyewe, tuache tu.

Ila kushika ratiba kwa nguvu nako kuna balaa lake, na hapa Wamarekani wana kisa hawakisahau. Novemba 17, 1968, kituo chao cha tv cha NBC kilikuwa kinaonyesha laivu mechi ya futiboli yao, ile ya kukimbia na mpira mkononi, New York Jets na Oakland Raiders, Jets wanaongoza 32 kwa 29, imebaki kama dakika moja. Saa ikagonga muda wa filamu ya watoto, Heidi, ambayo ratiba ilisema inaanza saa moja kamili jioni. Wakakata mechi. Ndani ya ile dakika Raiders wakafunga mara mbili, wakashinda 43 kwa 32, na sehemu kubwa ya nchi inaangalia katoto kako milimani. Kinachonichekesha mimi ni kwamba wakubwa wa NBC walishakubaliana mechi iendelee mpaka iishe, lakini hawakuweza kumpata kwenye simu mtu wa mitambo, kwasababu laini zote zilikuwa zimejaa watazamaji, wengine wanasema msikate mechi, wengine wanauliza vipi Heidi itaanza kwa muda? Pande zote mbili zilipiga simu zikazibana zenyewe. Ratiba siku ile ilikuwa sahihi kwa sekunde, na ndo aibu kubwa waliyowahi kupata.

Na sisi tungepata yetu. Desemba 18, 2022, fainali ya Kombe la Dunia, Argentina na Ufaransa, ilianza saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu, na saa mbili usiku ilipogonga, muda wa taarifa ya habari, mechi ndo kwanza inaelekea dakika za nyongeza, 2-2, Mbappé kashatia mbili. Kituo ambacho kingekata pale kwenda kwenye habari, nadhani leo kingekuwa kinauza mbao.

Mimi nilipofika baada ya kubishana sana na shemeji yangu, yeye anafanya kazi za mitambo na huwa anawatetea wenzake kupita kiasi, ni kwamba tunachanganya vitu viwili. Kwenye huu mfumo wa dijitali tunaotumia, taarifa za ratiba zinasafiri kwa makundi mawili, kuna kundi la "sasa hivi na kinachofuata", na kuna kundi la siku zijazo, wiki nzima au zaidi. Hili la wiki ni nia tu. Ni kama kusema Jumamosi tunakuja kuwatembelea, kila mtu anajua mvua ikinyesha hatuji. Likikosea mimi sina kinyongo. Lakini "sasa hivi"? Kitu kinaonekana mbele ya macho yangu, mwanaume kasimama na maiki anasoma habari za kilimo, halafu mstari wa chini unaniambia ninaangalia Muziki wa Injili! Hapo hakuna dabi iliyoahirishwa, hapo kuna mtu mmoja hakubonyeza kitu kimoja.

Na usiseme teknolojia haipo. Ujerumani Magharibi tangu 1985, enzi za kanda za video, walikuwa na alama inayofichwa ndani ya matangazo yenyewe, kipindi kikianza kweli alama inatoka, deki inaanza kurekodi, kikichelewa nusu saa deki nayo inasubiri nusu saa. Hiyo ni deki ya mkanda. Mashine ya kurushia vipindi ya leo inajua sekunde gani faili gani limeanza kuchezwa, kuipeleka hiyo habari kwa mbebaji masafa ni suala la pande mbili kukubaliana nani agharamie na nani awajibike. Shemeji anasema ndo hapohapo pagumu, kituo kinasema gaidi ni la mbebaji, mbebaji anasema sisi tunapakia tulicholetewa. Namwamini. Ndo maana nasema tatizo letu la ratiba ni dogo kiufundi, ila halina mwenyewe.

Zamani angalau kulikuwa na mwenyewe. Mtangazaji wa zamu anatokea katikati ya vipindi, kavaa vizuri, anasema kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu kipindi mlichokuwa mkikisubiri hatutaweza kuwaletea. Tulikuwa tunaguna sebule nzima, lakini mtu katuangalia usoni kasema. Gaidi haombi radhi. Anakudanganya kwa herufi nzuri zenye rangi ya bluu, na ukibonyeza "maelezo zaidi" anarudia uongo uleule kwa urefu.

Kwa hiyo kama kituo hakina mtu wa kusimamia hiki kitu, bora waache wazi. Shemeji anaona naongea upuuzi, anasema chaneli isiyo na taarifa inaonekana ya kihuni. Labda. Lakini nikikuta pametupu najua nijiulizie mwenyewe, nikikuta 21:00 nakaa hapo kama mjinga na chai inapoa. Na wenzetu wa Bujumbura na Goma ndo kabisa, wao wako saa moja nyuma yetu, promo ikisema saa mbili usiku inabidi kwanza wajue ni saa mbili ya nani.

Mama yeye dikoda ilishapona siku nyingi, saa iko sawa, lakini gaidi hamwamini tena. Saa tatu ikikaribia anampigia mama mdogo aliyeko Tanga: "Mwenzangu, huko imeanza?" Mama mdogo anamjibu bado, wako kwenye sabuni.