Makaburi ya Wapolandi Tengeru: urithi wa nani?

Ukishuka Tengeru, karibu na Arusha, siku ya soko, Jumatano au Jumamosi, hutadhani kuna kipande cha Poland hapa. Utaona mikungu ya ndizi imelazwa chini, bodaboda zinagombania abiria, akina mama wanavutana bei ya parachichi. Lakini ingia ndani kidogo, eneo la chuo cha mifugo, ufunguliwe geti. Utakuta makaburi kama 150 ya saruji, yamejipanga kwa safu, yamefagiliwa. Majina yana herufi ambazo ulimi wetu unazikwepa, na mbele ya majina kuna Ś.P., ambayo Wapolandi huiandika pale sisi tungesema marehemu.

Swali langu ni dogo ila lina miiba: kazi ya kuutunza urithi huu ni ya nani, na ukitunzwa, unasimulia habari za nani?

Kwanza walifikaje. Septemba 1939 Ujerumani na Muungano wa Kisovieti ziliigawana Poland. Kuanzia Februari 1940 Wasovieti wakawakusanya raia wa upande wa mashariki, familia kwa familia, wakawapakia kwenye mabehewa ya mizigo hadi Siberia na Kazakhstan. Hitler alipomgeukia Stalin mwaka 1941, Wapolandi wakaruhusiwa kutoka. Mwaka 1942 zaidi ya laki moja, askari na raia, walivuka kwenda Iran. Wanaume wenye nguvu wakabaki jeshini. Wanawake, wazee na watoto Waingereza wakawatawanya kwenye makoloni yao: Masindi na Koja nchini Uganda, Ifunda, Kidugala, Kondoa na Morogoro hapa Tanganyika. Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, wakimbizi wapatao 5,000 chini ya Mlima Meru, kwenye vibanda vya mviringo vilivyoezekwa nyasi. Walikuwa na kanisa, shule, hospitali na shamba. Kwa muda Tengeru ilikuwa mji wa watoto wanaoimba Kipolandi.

Wanaosema urithi huu utunzwe kwa gharama yoyote wana hoja nzito, na mimi sina ubishi nao kwenye msingi. Hawa hawakuja kutawala. Serikali ya kikoloni yenyewe iliwaonea haya: Mzungu anayelima kwa mkono na kujichotea maji alikuwa anaharibu picha ambayo koloni zima lilisimamia juu yake. Haikutaka wabaki. Vita vilipoisha, kwao hapakuwapo tena, maana mikoa waliyotoka ilikuwa imemezwa na Wasovieti. Wengi wakaishia Uingereza, Kanada na Australia. Mwaka 1949 zaidi ya yatima mia moja wa Tengeru walipelekwa Kanada, na serikali ya kikomunisti ya Warsaw ikapiga kelele kwamba watoto wake wameibwa. Waliobaki Tengeru ni wachache mno, pamoja na hao walio ndani ya geti. Mtoto aliyenusurika Siberia akaja kuzikwa kwa malaria chini ya Meru hakumpora mtu kitu. Kumnyima ufagio kwa sababu ya rangi yake ni ukatili tu.

Upande wa pili huwa hausemwi pale getini. Husemwa kwenye vilabu vya mbege, na mara nyingi kwa uchungu. Ardhi ya Wameru ilibanwa tangu enzi za Wajerumani, mashamba ya walowezi yakawazunguka kama mkanda. Mangi Lobulu, chifu wa Meru, alinyongwa na Wajerumani huko Moshi mwaka 1900, siku moja na Mangi Meli wa Wachaga, na zipo familia za ukanda huu ambazo mpaka leo zinafuatilia mifupa ya wazee wao kwenye makabati ya makumbusho ya Ujerumani. Kisha Novemba 1951, kambi ya Wapolandi ikiwa inaelekea kufungwa, serikali ileile iliyowahifadhi iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ipatikane nafasi ya ranchi 13 za Wazungu. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, msemaji wa Wameru, alikwenda New York kuushtaki utawala huo mbele ya Umoja wa Mataifa. Chukua picha hizo mbili pamoja: upande huu wa mlima watu wanafunga mizigo kwenda kuanza maisha mapya, upande ule watu wanaangalia mapaa yao yakiungua.

Basi mtu wa Meru akiuliza kwa nini mgeni ana kaburi lenye jina na tarehe, na babu yake hana hata jiwe, usimwite mbaguzi. Anauliza kitu halali. Kosa lake, kwa maoni yangu, ni anwani. Aliyemnyang'anya babu yake hayumo ndani ya geti lile.

Kuna wanaosema hilo la fedha limejimaliza lenyewe: Wapolandi wanawatunza wafu wao, wajukuu wanakuja kutoka Ulaya na Kanada, watalii wanaoelekea Ziwa Duluti wanapita, kijana wa pale anapata chochote. Kweli. Isipokuwa anayelipa ndiye anayeandika kibao. Akija mtu kutoka Kraków kuweka shada, atapenda kusoma habari za Siberia na za bibi yake, na ni haki yake. Lakini kambi ya watu 5,000 haikujiendesha. Walikuwapo Waafrika waliofanya kazi humo kwa ujira mdogo, na majirani waliouza ndizi na mayai. Hao kwenye simulizi wanaonekana kama miti ya pembeni kwenye picha ya harusi.

Na sheria yetu haisaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Cha baadaye kinangoja waziri akitangaze. Kwa hesabu hiyo kambi ya 1942 ni changa, kama ilivyo changa karibu kila alama ya ukoloni na ya kuupinga, Engare Nanyuki ikiwamo. Tukiacha hivyo, kitakachobaki ni kile tu chenye mfadhili wa nje.

Uganda kuna mfano unaonivutia zaidi. Nyabyeya, karibu na Masindi, Wapolandi waliacha kanisa walilojijengea wenyewe, na waumini wa pale wanasali humo hadi leo. Hakuna anayeuliza ni la nani. Mtoto akibatizwa ndani yake, limekuwa la kwao. Tengeru tumebakiwa na makaburi, na makaburi hayatumiki namna hiyo, lazima yaelezwe. Ndiyo maana mwelezaji ni muhimu kuliko saruji.

Mimi nasimama hapa: Poland iendelee kulipia makaburi, bila sisi kujisikia vibaya. Ila maelezo yaliyo nje ya geti yawe yetu, kwa Kiswahili kwanza, yakianza na ardhi ile kabla ya 1942 na kwenda mpaka 1951. Halmashauri ya Meru haihitaji mamilioni kwa hilo. Inahitaji mtu mwenye simu inayorekodi. Aliyekuwa na miaka kumi kambi ikielekea kufungwa, leo ameshavuka themanini. Wapo wazee waliokuwa wakitumwa na mama zao kuuza mayai kwa Wapolandi, na ukitaka kuwapata usiende makumbusho, nenda sokoni Jumatano asubuhi, uulize ni bibi gani anayejua kuhesabu moja mpaka kumi kwa Kipolandi.