Damu Hiyo Inakwenda Wapi?

Mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa zimeshika kasi, nilitoka Kisumu kwenda kwetu Seme kumjulia mama hali. Nilimkuta amempakata mjukuu wake wa miaka minne, binti wa ndugu yangu, ambaye alikuwa na homa tangu jana yake jioni. Mhudumu wa afya ya jamii, ambaye ni jirani yetu, alifika na begi lake, akavaa glavu, akakipangusa kidole cha mtoto kwa pamba yenye spiriti, akakichoma, kisha akalinyonya tone moja la damu kwa kijiti chembamba na kuliweka katika kidirisha cha kibao cha plastiki cha kupimia malaria, ambacho hakizidi urefu wa kidole cha mtu mzima. Alidondoshea maji ya kipimo juu yake, akaangalia saa, akasema tungoje dakika 15. Mama hakukiangalia kibao. Alimwangalia mhudumu usoni.

"Mwanangu, damu hiyo inakwenda wapi?"

"Haiendi popote, mama. Inabaki humo humo, na tukishasoma majibu tutakitupa kwenye boksi la taka."

Mama aliitikia kwa adabu, lakini namfahamu, hakuridhika. Wapo wanaosikia swali kama hilo na kuliita ujinga au ushirikina wa wazee wa kijijini. Mimi naliona kuwa swali zito kuliko yote ambayo watu wa kandokando ya ziwa hili wamewahi kuiuliza sayansi, na naamini sayansi yenyewe imekuwa bora kila ilipolazimika kulijibu.

Tumezoea kusimulia historia ya maarifa kana kwamba yanaanzia maabara ya ng'ambo, yanaivishwa huko, kisha yanaletwa kwetu yakiwa tayari, nasi kazi yetu ni kupokea. Habari za malaria hazikwenda hivyo. Neno lenyewe malaria ni la Kiitaliano na maana yake ni hewa mbaya, kwa kuwa wasomi wa Ulaya waliamini kwa karne nyingi kwamba homa hiyo ilitokana na mvuke wa vinamasi. Wakati huohuo, katika milima ya Usambara, watu walioshuka tambarare na kurudi na homa waliuita ugonjwa huo mbu, jina lile lile la mdudu, kwa sababu walijua wameumwa na nani huko walikokwenda. Aliyeliandika jambo hilo ni Robert Koch, daktari mashuhuri wa Kijerumani, aliyekuwa Afrika Mashariki mwaka 1897 na 1898. Elimu ilikuwepo, ndani ya jina.

Ushahidi wa maabara ulikuja kwa njia ya damu. Mwaka 1880, mjini Constantine nchini Algeria, Alphonse Laveran aliviona vimelea vya malaria katika damu ya askari mgonjwa. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa Secunderabad nchini India, alivikuta vimelea hivyo ndani ya tumbo la mbu aliyekuwa amemnyonya mgonjwa mmoja, Husein Khan, ambaye alikubali kuumwa na mbu kwa malipo madogo. Ross alipata tuzo ya Nobel mwaka 1902. Laveran alikuwa daktari wa jeshi la Ufaransa, na Ross alikuwa katika idara ya tiba ya utawala wa Uingereza nchini India, na hilo halikutokea kwa bahati. Homa ilikuwa inawamaliza askari na maofisa wa dola zile, na anayelipa gharama ndiye anayechagua swali la kuulizwa. Kama swali lingechaguliwa na akina mama wa Nyanza, sidhani lingeanza na afya ya askari.

Hapa ziwani, mkutano wetu wa kwanza na sayansi hiyo ulikuwa mchungu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, na katika miaka ileile ugonjwa wa malale ulikuwa ukienea kwenye fukwe za kaskazini mwa ziwa, ukaua zaidi ya watu 200,000 upande wa Uganda. Mwaka 1903 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, na wenzake walithibitisha kwamba mbung'o ndiye anayeusambaza. Namna walivyolijua hilo inanivutia sana: Apolo Kagwa, Katikiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda, pamoja na machifu na wamishenari, walisaidia kukusanya mbung'o kutoka sehemu mbalimbali, na ramani ya mahali walipopatikana wadudu ilipowekwa kando ya ramani ya wagonjwa, zikafanana. Ugunduzi ule usingewezekana bila mikono ya watu waliojua kila ghuba na kila kichaka. Hata hivyo, tangu mwaka 1906 matokeo yake yaliwarudia watu hao kama amri ya kuhama. Mvuvi aliambiwa aache ufuko, mtumbwi na shamba, aende bara. Koch naye alirudi, safari hii akipiga kambi katika visiwa vya Sese, akawatibu wagonjwa kwa atoxyl, dawa yenye aseniki, na alipoongeza kipimo cha dawa baadhi yao walipofuka wasione tena.

Ndiyo maana siwacheki watu wa enzi ya ukoloni waliosimulia, kuanzia Uganda hadi Nairobi na kwingineko Afrika Mashariki, habari za wazimamoto wanaokamata watu usiku na kuwanyonya damu. Mama alizisikia kwa wazazi wake. Hakuna aliyenyonywa damu kwa namna ile iliyosimuliwa, lakini hadithi ilibeba ukweli wa aina yake: walikuja watu wenye sare, wakachukua kitu kutoka mwilini mwako, na hawakukuambia walikipeleka wapi.

Kisa kinachonigusa kuliko vyote ni cha mtafiti Anthony Allison. Alilelewa Kenya, akaenda kusoma Oxford, na mwaka 1949 akarudi na kukusanya sampuli za damu kutoka jamii mbalimbali za nchi hii. Alikuwa akitafuta chembe nyekundu zinazojikunja kama mundu. Aligundua kwamba Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria zilikuwako jamii ambamo zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alibeba tabia hiyo katika damu yake, ilhali katika nyanda za juu ilikuwa adimu. Kwa nini urithi unaoweza kumwua mtoto uwe mwingi namna hii mahali pamoja na uwe haba kwingine? Allison alihisi kuwa jibu ni mbu. Anayerithi kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Anayerithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua selimundu. Palipo na malaria nyingi, kinga ile iliwaokoa wengi kiasi kwamba urithi ule haukupotea. Maelezo hayo, aliyoyachapisha mwaka 1954, ni miongoni mwa mifano ya mwanzo na iliyo wazi kabisa ya uteuzi wa asili ukimfanyia kazi binadamu, na leo hufundishwa katika madarasa ya biolojia duniani kote.

Lakini ili kuhakikisha, Allison alichukua wanaume 30 Waluo waliojitolea, 15 wenye urithi ule na 15 wasio nao, akawaambukiza malaria kwa makusudi, kisha wakatibiwa. Kati ya wale 15 wasio nao, 14 walipata vimelea katika damu. Kati ya wale wenye nao, ni wawili tu. Matokeo yalikuwa wazi mno. Leo jaribio la namna hiyo lingezua maswali makali, hasa kuhusu maana ya kujitolea kwa Mwafrika chini ya serikali ya kikoloni mwaka 1953. Mama nilipomsimulia kisa hicho tukiwa tunangoja zile dakika 15, aliniuliza jambo moja tu: "Walikuwa wana wa nani?" Kwetu mtu hana budi kuwa mwana wa fulani, wa ukoo fulani, kabla hajawa kitu kingine chochote. Katika simulizi zote nilizosoma, wale 30 hutajwa kwa idadi.

Elimu ile nayo imewabadilisha watu, tena kwa wema. Nimeshuhudia mama mwenye mtoto wa selimundu akilaumiwa na wakwe zake kwamba ameleta mkosi, na nimeshuhudia lawama hizo zikipungua baada ya muuguzi kukaa nao chini ya mwembe na kueleza kwamba ugonjwa huo hauji mpaka baba na mama wote wawili watoe sehemu yao. Baba alinyamaza kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo ndiye anayempeleka mtoto kliniki.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika maeneo ya Asembo na Gem huko Siaya, vijiji zaidi ya 200 viliingia katika utafiti wa vyandarua vyenye dawa. Baadhi vilipata vyandarua mwanzoni na vingine vikapata baadaye, utafiti ulipokwisha kujibu swali lake. Vifo vya watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka mitano vilipungua kwa takriban asilimia 16. Likaonekana na jambo jingine ambalo naona linafanana sana na maisha ya kijijini: nyumba zisizokuwa na vyandarua, lakini zilizokuwa ndani ya mita 300 hivi kutoka kwenye vijiji vyenye navyo, nazo zilipata nafuu, kwa kuwa mbu waliuawa wakiwa wengi. Chandarua cha jirani kilimlinda mtoto wako. Baadaye wanauchumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas walipima katika kliniki za wajawazito za magharibi mwa Kenya kama ni heri vyandarua viuzwe kwa bei nafuu au vitolewe bure. Waligundua kuwa bei ya shilingi 40 tu ilitosha kuwapunguza waliovichukua kwa zaidi ya nusu. Waliodhani kwamba mtu hathamini asichokilipia walijibiwa na akina mama wenyewe.

Kisha ikaja chanjo ya malaria. Kati ya mwaka 2009 na 2014 ilijaribiwa kwa watoto katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, na viwili kati ya hivyo vilikuwa Siaya na Kombewa, huku huku kwetu Seme. Tarehe 13 Septemba 2019 ilianza kutolewa kwa watoto huko Homa Bay, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa matumizi mapana. Tofauti kati ya utafiti huu na ule wa mwaka 1953 ni kubwa: mzazi husomewa fomu ya idhini kwa lugha anayoielewa, anaweza kukataa, anaweza kujitoa katikati, na kamati za maadili hukagua kila hatua. Taratibu hizo hazikuletwa na hadubini wala hesabu. Zililetwa na watu walioumizwa, walionung'unika na kuuliza.

Bado hazitoshi. Miaka mingi iliyopita, utafiti mwingine kabisa, usiohusiana na chanjo, ulipita katika kijiji chetu. Vijana walitolewa damu, wakaulizwa maswali ya ndani ya nyumba zao, wakapewa sabuni na nauli, na gari likaondoka. Hakuna aliyerudi kutuambia kilichopatikana. Sitawataja, kwa sababu sidhani walikuwa na nia mbaya. Walidhani kazi yao imekwisha matokeo yalipochapishwa katika jarida ambalo hakuna mtu Seme angelisoma.

Ninachodai ni kwamba kila utafiti unaochukua damu ya watu utenge fedha, tangu siku ya kwanza, za kurudi katika baraza la chifu na kusoma matokeo kwa Kidholuo, kwa Kiluhya, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote iliyotumika kuomba idhini, na kujibu maswali mpaka yaishe. Najua watasema kuna siri za wagonjwa na kuna gharama. Siri hazivunjwi kwa kusema jumla ya yaliyoonekana, na gharama ya viti vya plastiki na kipaza sauti kwa siku moja ni ndogo kuliko ya gari lililokuja kuchukua sampuli. Atakayefanya hivyo ataona pia kwamba maswali ya barazani humpa utafiti wake ujao, kama ramani ya mbung'o ilivyotoka kwa watu waliozijua fukwe.

Dakika 15 zilipotimia, mhudumu alikiinua kibao. Mistari ilikuwa miwili. Alimpa mtoto dozi ya kwanza ya AL, dawa ya malaria, pamoja na uji, akamwonyesha mama jinsi ya kutoa vidonge vilivyobaki: dozi ya pili baada ya masaa manane, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Kabla hajakitia kibao katika boksi, mama alimnyoshea mkono. Mhudumu alisita kidogo, akakishika mwenyewe kwa glavu karibu na macho ya mama, akamweleza: hapa damu imeingia, hapa imepita, mstari huu unasema kipimo ni kizima, na huu wa pili ndio malaria ya mtoto. Mama alikitazama mpaka akatosheka, akamwambia, "Sasa kitupe."